Je, wajua? Ngozi mpya inaweza kuoteshwa palepale kichwani

"Munganga, mutoto alishapona. Sasa huo mupira munataka kutia mu kichwa yake ni wa nini tena?"

Aliyeuliza ni jirani yangu wa hapa Goma, binti yake wa miaka 9 akiwa amemwegemea. Alikuwa ameniomba nimsindikize hospitali kwa sababu karatasi ya kukubali upasuaji ilikuwa ya Kifaransa, na kwa kuwa nafundisha biolojia alitumaini nitamfafanulia yaliyobaki. Kifaransa kilikuwa rahisi. Swali lake ndilo lililonikalia kichwani wiki nzima.

Mtoto huyo alipokuwa na miaka 2 alivuta sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka juu ya mbabula, jiko la makaa. Wakaao Goma wanajua inavyokuwa: mbabula iko chini, nyumba ya mbao ni ndogo, nje ni mawe makali ya volkano, basi pa kupikia na pa kuchezea ni palepale. Kidonda kilifunga. Juu ya sikio la kulia likabaki kovu la sentimita 4 kwa 6 hivi, jororo, linalong'aa, lisilo na unywele hata mmoja. Tangu hapo hatoki nyumbani bila kitambaa kichwani.

Daktari alipendekeza hivi. Ataingiza mfuko mtupu wa silikoni chini ya ngozi nzima, ile yenye nywele, iliyo jirani na kovu. Mfuko utajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka ngozi iliyo juu yake iongezeke. Kisha ataurudia kwa upasuaji wa pili: autoe, akate kovu, aivute ile ngozi ya ziada ifunike mahali pake. Miezi mitatu na zaidi, kwa kovu lisilouma. Kwa nini azunguke hivyo? Na hiyo ngozi ya ziada inatoka wapi hasa?

Njia fupi ipo, nayo ni kiraka. Daktari huchuna tabaka jembamba la ngozi pajani na kulilaza juu ya kidonda. Kwa mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, kiraka ndicho kinachomwokoa, wala sitaki mtu akidharau. Ila kinafika bila mishipa yake ya damu na kinategemea kulishwa na kidonda chenyewe. Kikishika, mara nyingi hujikunja, rangi yake huwa mbali na ya majirani zake, na ngozi ya paja hata ikihamia kichwani haitaotesha nywele za kusukwa. Mafundi wa nguo wa Birere, mtaa wa hapa Goma, wanalijua jambo hili kwa upande wao. Ukiwapelekea kitenge kilichotobolewa na kaa la moto, hawakimbilii kutafuta kitambaa kingine. Wanageuza upindo kwanza, waone kama kitenge chenyewe kina akiba, maana ua lile na rangi ile utavipata tu kwenye kitenge kilekile. Ngozi ya kichwa haina upindo. Ule mfuko unakuja kuutengeneza.

Wengi husikia "kutanua ngozi" wakafikiri ni kuivuta kama ngozi ya ngoma. Fundi wa ngoma hulowesha ngozi ya ng'ombe, huikaza kwa kamba pande zote, akaiacha ikauke. Ngozi ile imevutika tu: ilichopata kwa upana imekilipa kwa unene, na akizidisha mkono inapasuka. Imekufa, haina jibu jingine la kumpa.

Ngozi hai nayo huanza vivyo hivyo. Katika dakika za kwanza za kuvutwa, nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, zilizokuwa zimejikunja hunyooka na kujipanga kuelekea mvuto, maji yaliyo kati yake yanasukumwa pembeni, ngozi inalegea kidogo. Lakini mvuto ukiendelea kwa siku kadhaa, linaanza jambo ambalo ngozi ya ngoma haiwezi kulifanya kamwe: seli zinaanza kuzaana.

Seli huhisi kuvutwa. Kwenye utando wake zipo protini zilizo kama milango midogo; utando ukikazwa, milango inafunguka na kalisiamu inaingia ndani. Mlango mmoja wa aina hiyo, Piezo1, ulitambuliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian nchini Marekani, na mwaka 2021 yeye na David Julius walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya namna mwili unavyohisi mguso na joto. Mwaka 2017 watafiti wengine walionyesha kwamba seli za tabaka la kufunika mwili zikivutwa, Piezo1 huziamsha zigawanyike. Kisha mwaka 2020 kundi la Cédric Blanpain, katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, likachapisha kazi ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote za jambo hili. Waliweka chini ya ngozi ya panya jeli inayovimba yenyewe, wakazifuatilia seli moja moja. Siku za kawaida, seli mama za ngozi zinapogawanyika hesabu husawazika: kwa wastani moja hubaki kuwa mama, ya pili hupanda juu, hukauka, na mwishowe hubanduka ikawa ule unga tunaousugua bafuni. Ngozi ikivutwa, mizani inainama. Akina mama wanaongezeka kwanza, na wao ndio wanaoijaza nafasi mpya.

Jirani yangu haya yote aliyapata kwa sentensi moja, nilipomtajia tumbo la mimba. Ana watoto wanne. Alicheka, akasema, "Kumbe ni ile." Ni ile. Ngozi inayomfunika mama mwenye mimba ya miezi tisa haikuwa imekunjwa mahali ikisubiri, iliota. Mtoto akishatoka, inabaki nyingi na kulegea, na michirizi inaonyesha pale ambapo tabaka la ndani lilizidiwa na mwendo. Masikio marefu ya wazee wa Kimasai nayo yalipatikana hivyohivyo, kwa miaka ya subira.

Si kila kitu huongezeka sawasawa, na hapa daktari alituchukulia muda mrefu, nami namshukuru. Tabaka la juu kabisa hubaki na unene wake, hata huzidi kidogo. Tabaka la pili hupungua unene. Mafuta ya chini ya ngozi ndiyo yanayoumia zaidi. Kuuzunguka mfuko, mwili hujenga kifuko chake wenyewe cha nyuzi, kama unavyokizungushia kitu chochote kigeni, na ndani ya kifuko hicho mishipa midogo ya damu huchipua kwa wingi. Faida yake ni kubwa: ngozi iliyotanuliwa hivi, ikisogezwa, hustahimili vizuri kuliko ngozi ya kawaida iliyokatwa na kusogezwa siku hiyohiyo, kwa sababu inahama na damu yake.

Nywele nazo? Mizizi ya nywele haiongezeki. Mtu mzima ana nywele kama 100,000 kichwani na mizizi yake yote alizaliwa nayo. Ngozi ikipanuka, mizizi inasogea mbalimbali, kama mihindi iliyopandwa kwa nafasi kubwa zaidi. Lakini jicho halihesabu mizizi. Ngozi ya kichwa inaweza kutanuliwa hadi maradufu kabla watu hawajaona kwamba nywele zimepungua, ndiyo maana njia hii huweza kufunika upara wa kovu unaofikia karibu nusu ya kichwa. Kwa kovu la binti huyu, hesabu ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya mezani. Sisi tuliifanya kwa bakuli na futi ya fundi cherehani. Chukua bakuli la duara lililo nusu ya tufe, mdomo wake sentimita 10, ulifudikize. Ukipima mezani toka ukingo hadi ukingo, ni 10. Ukipitisha futi juu ya mgongo wa bakuli, ni karibu 15.7. Tofauti ni sentimita 5.7, na hiyo ndiyo ngozi uliyoipata, kwenye karatasi. Mwilini utapata pungufu, kwa sababu mfuko ukitolewa ngozi hurudi kidogo, kama mpira. Kwa hiyo madaktari huchagua mfuko ambao eneo la tako lake ni mara 2.5 hadi 3 ya kovu, tena mara nyingi huujaza kupita unavyoonekana kutosha. Umbo nalo lina neno: mfuko wa mstatili hutoa ngozi nyingi kuliko wa duara wenye tako sawa na huo.

Anayetajwa kwanza katika historia ya jambo hili ni Charles Neumann, daktari wa Marekani, mwaka 1957. Mgonjwa wake alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya sikio, na ngozi ya kulijengea upya haikutosha. Neumann alitia puto la mpira chini ya ngozi ya jirani, mrija ukatokeza nje, akawa analijaza hewa. Ngozi ilipatikana, lakini wazo likalala karibu miaka 20. Mwaka 1976, Chedomir Radovan wa Washington akaliamsha kwa mfuko wa silikoni ambao sehemu yake ya kuchomea sindano imezikwa yote chini ya ngozi, hakuna mrija unaotokeza kukaribisha vijidudu. Mwaka 1982 alichapisha taarifa ya wanawake aliowatengenezea matiti baada ya kukatwa kwa saratani. Miaka hiyohiyo Eric Austad alibuni mfuko usiohitaji sindano kabisa: ndani una chumvi kali, nao hunywa maji ya mwili polepole na kuvimba kama maharagi yaliyolowekwa usiku.

Na kabla yao, kule Kurgan nchini Urusi, tangu miaka ya 1950 Gavriil Ilizarov alikuwa akirefusha mifupa kwa pete za chuma na nyaya: anaukata mfupa, anazitenganisha ncha kwa milimita 1 kwa siku, na mfupa mpya unaota katikati. Mwili ukivutwa taratibu, unajenga. Ukivutwa kwa pupa, unachanika.

Sisi wa Kivu upasuaji wa kurudisha kilichoharibika tunaujua kwa karibu. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege kule Bukavu mwaka 1999, imeufanya ujulikane dunia nzima kwa wanawake waliobakwa iliowatibu. Mfuko wa kutanua ngozi ni wa ukoo huohuo wa kazi, ingawa matumizi yake ni mengine: upara wa kovu, titi baada ya saratani, makovu ya shingo na paji la uso, alama kubwa nyeusi ambazo watoto wengine huzaliwa nazo.

Nilihudhuria ujazaji mara tatu. Wiki mbili za kwanza baada ya mfuko kuingizwa hakuna kilichofanywa, jeraha liliachwa lishike. Kisha kila Jumatano. Muuguzi anapapasa nyuma ya sikio, anatafuta kwa kidole kitu kilicho kama kifungo cha koti chini ya ngozi: ndiyo vali, nayo imeungwa na mfuko kwa mrija mfupi. Anapasafisha kwa iodini, anachoma sindano nyembamba sana wima, mpaka ncha igote kwenye kibamba cha chuma kilichowekwa chini ya vali ili sindano isipitilize. Ule mgoto mdogo yeye anausikia kwenye vidole. Halafu anaisukuma serumu, yaani yale maji ya chumvi. Mfuko wa binti huyu ulikuwa wa mililita 200, na kila wiki alitiwa kama 20.

Ni serumu kwa sababu chumvi yake, gramu 9 kwa lita, inalingana na maji ya mwili. Mfuko ukivuja, mwili unayanywa yale maji bila madhara. Hewa ingetoroka, na kiasi chake ni kigumu kupima.

Siku moja mtoto alikunja uso. "Inakaza," alisema. Muuguzi aliacha kusukuma, akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba, akaachia, akaangalia. Kwa mwenye ngozi nyeupe utaona weupe wa kukosa damu, kisha wekundu ukirudi. Kwenye ngozi yetu nyeusi, tena yenye nywele, alama hiyo hujificha, kwa hiyo yeye alimsikiliza mtoto kuliko macho yake. Alingoja dakika kadhaa. Maumivu hayakupungua. Akavuta nyuma mililita 5, uso wa mtoto ukafunguka. Nilipenda sana kuona hivyo. Kukaza kidogo kunatakiwa, ndiko kunakoziamsha seli. Maumivu yasiyoisha yanasema damu haipiti, na ngozi isiyopata damu hufa.

Kufikia wiki ya nane, kichwa kilikuwa na nundu kubwa. Huu ndio upande mgumu, na wazazi wanastahili kuambiwa mapema. Kwa miezi hiyo mtoto anaonekana vibaya kuliko alivyokuwa na kovu. Kitambaa kilibidi kiwe kipana zaidi. Marafiki walitaka kugusa. Mpira wa shule aliukosa, maana pigo moja linaweza kupasua mfuko au kuuchomoza. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya ughaibuni haviliandiki: wasichana hubeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani. Bidoni la lita 20 toka ziwani huikaza kamba hiyo palepale penye nundu. Daktari alipokataza, mama aliuliza maji yatachotwa na nani. Kaka mkubwa akapewa kazi hiyo, akanung'unika wiki moja, akazoea.

Hatari kubwa ni vijidudu. Mfuko ukipata maambukizi, au ngozi ikikonda mpaka silikoni ikachungulia, mara nyingi hutolewa na kazi yote inaanza upya baada ya miezi. Joto la ghafla, wekundu au ngozi kuwa nyeusi zaidi na kung'aa, usaha, nundu iliyonywea yenyewe usiku mmoja: kwa lolote kati ya hayo mtu asingoje Jumatano. Damu pia inaweza kukusanyika kuuzunguka mfuko katika siku za kwanza. Na kuna sehemu za mwili ambapo madaktari wengi husita. Kichwani, kifuani na kwenye paji la uso damu ni nyingi, njia hii hufaulu. Mguu chini ya goti una damu chache na ngozi iliyobana, na huko matatizo ni mengi. Ngozi iliyopigwa mionzi ya saratani nayo hutanuka kwa shida.

Niseme na hili, kwa sababu siku ile ya sufuria hakuna aliyemwambia mama huyu. Mtu akiungua, mwagia pale maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kwa nyumba isiyo na bomba, kata na beseni vinatosha: chota, mwagia, acha yaanguke beseni la chini, chota tena. Dawa ya meno, yai, mafuta, majivu, vyote hivyo vifungie. Joto hubaki ndani ya ngozi baada ya maji moto kuondolewa na huendelea kuchoma kwenda chini, hadi kwenye mizizi ya nywele. Mizizi ikifa, hairudi.

Upasuaji wa pili ulifanywa mwezi wa kumi na moja. Mfuko ulitolewa, kovu likakatwa, ngozi yenye nywele ikavutwa na kushonwa. Mama alitoka akisema kwamba sasa kuna mstari tu. Wiki ya tano akanijia mbio jioni, kitambaa cha mtoto mkononi, na ndani ya kitambaa vishungi vya nywele. Zilikuwa zinang'oka pale palipotanuliwa. Alidhani yote yamekufa.

Tulimpigia daktari. Alieleza kwamba mizizi iliyosumbuliwa na mvuto na kisu huweza kuziachia nywele zake zote kwa pamoja na kuingia mapumzikoni, kisha baada ya miezi kama mitatu huanza tena, mradi ngozi yenyewe iko hai. Tukaitazama chini ya taa ya simu: ilikuwa laini, yenye joto, rangi ileile ya kichwa chake chote, na kwa karibu sana ungeona vitundu vidogo, kila kimoja mahali pake.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata zilikuwa zimefika urefu wa punje ya mchele. Mwezi wa sita msusi alimsuka mistari minne kuelekea nyuma, na mmoja wake ulipita juu ya sikio la kulia.